Darasa la Samba ya Kibrazili Kirumba: Tathmini ya Mwanafunzi

Darasa la samba linaloendeshwa kila Jumamosi jioni katika ukumbi mmoja wa jumuiya maeneo ya Kirumba, jijini Mwanza, linafundisha jambo ambalo madarasa mengi ya dansi hapa kwetu hayaligusi, nalo ni kuisikiliza ngoma kabla ya kunyanyua mguu. Nimelihudhuria kwa muda wa kutosha kuyaona mazuri yake na mapungufu yake. Nikitanguliza hukumu yangu ili mwenye haraka asilazimike kusoma hadi mwisho, nitasema kwamba linastahili ada inayotozwa, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kucheza samba kabisa, ila spika wanayoitumia inamharibia mwalimu kazi yake nzuri, na ratiba yao haimjali mtu anayerudi nyumbani kwa daladala.

Ukumbi wenyewe ni wa kawaida: kuta za matofali ya saruji, paa la bati, madirisha ya nondo yanayoingiza upepo wa ziwani, sakafu ya saruji iliyosakafiwa vizuri, na viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani kwa ajili ya wazazi wanaowasubiri watoto wao. Anayetoka katikati ya mji hushuka karibu na uwanja wa CCM Kirumba, kisha hutembea mwendo mfupi. Anayetoka Igoma au Buhongwa ajipange mapema, kwa sababu jioni ya Jumamosi magari hujaa. Ada ni shilingi 5,000 kwa kipindi kimoja cha saa moja na nusu, au shilingi 15,000 kwa mwezi mzima ukilipa mwanzoni, na watoto hulipa nusu. Sijaona mtu akirudishwa mlangoni kwa kupungukiwa na shilingi mia tano.

Kinachofundishwa hasa ni samba no pé, yaani samba ya mtu mmoja mmoja, ile ambayo wachezaji huicheza wakiandamana na ngoma katika karnivali ya Rio de Janeiro. Ni vyema kulieleza hilo mapema, kwa kuwa wapo wanaofika wakitarajia samba ya mashindano ya dansi ya ukumbini, ile ya watu wawili wawili iliyopangiwa kanuni zake huko Ulaya. Hizo ni dansi mbili tofauti, ingawa zina jina moja. Mwenye kuitaka hiyo ya pili hataipata hapa, na mwalimu hulisema hilo wazi siku ya kwanza ili mtu aamue kubaki au kurudishiwa fedha yake.

Hatua ya msingi ukiieleza kwa maneno inaonekana nyepesi. Mguu mmoja unarudi nyuma kidogo, wa pili unakanyaga papo hapo ulipo, wa kwanza unarejea mahali pake. Kisha zamu inahamia mguu wa pili, nao unafanya vivyo hivyo. Ni hatua tatu zinazoanza na kulia, tatu zinazoanza na kushoto, tena fupi kiasi kwamba mchezaji mzuri anaweza kumaliza wimbo mzima bila kutoka kwenye eneo la mkeka wa kuswalia. Ugumu unaanzia kwenye muda, kwa sababu hatua hizo tatu hazigawani pigo sawasawa. Ukizigawa sawasawa unapata mwendo wa askari, si samba. Halafu kuna magoti, ambayo yanatakiwa kubaki yamelegea muda wote, na uzito wa mwili, ambao unatakiwa kuhama kikamilifu kutoka mguu hadi mguu badala ya kubaki katikati. Hapo ndipo nyonga zinapotikisika. Hazitikiswi kwa makusudi. Zinafuata uzito unavyohama. Mwanafunzi anayeanza kwa kukata mauno huchelewa kila pigo, kwa kuwa kiuno kimekwenda kabla mguu haujatua, na nimeshuhudia mabinti hodari sana wa singeli wakihangaika na jambo hili kuliko wazee ambao hawakuwa na mazoea yoyote ya kuondoa.

Mwalimu ni dada wa Kitanzania aliyejifunza samba akiwa Brazili. Watoto humwita Ticha, watu wazima humwita Dada, naye huwaamkia wenye umri mkubwa kabla ya kuwarekebisha miguu, jambo ambalo limemsaidia kubaki na wanafunzi wa rika ambalo kwa kawaida halionekani katika madarasa ya namna hii. Ubora wake mkubwa ni subira. Sehemu ya kwanza ya kipindi hakuna anayeruhusiwa kusogeza mguu. Watu hupiga makofi tu, na makofi yenyewe huwa madogo kwa pigo la kwanza na makubwa kwa pigo la pili. Samba huhesabiwa mbili mbili, na uzito wake uko kwenye pili. Kwa sikio lililozoea muziki unaokita kwenye pigo la kwanza, hilo ni geni kabisa, na ukikosa kulishika siku za mwanzo, kila utakachojifunza baadaye kitakuwa kimepinda.

Uzito huo wa pigo la pili unatokana na ngoma kubwa iitwayo surdo. Katika bateria, yaani kikosi cha ngoma cha shule ya samba (kundi linaloandamana na kushindana katika karnivali, si shule ya darasani), huwa kuna surdo za sauti tofauti: ile ya sauti nzito kuliko zote hupiga pigo la pili, ya sauti ya juu kidogo huijibu kwa pigo la kwanza, na ya tatu hupita katikati yao ikichombeza. Mangueira, moja ya shule kongwe za Rio, inajulikana kwa kuiacha surdo ya kujibu, hivyo pigo lake la pili husikika likiwa peke yake. Mwalimu huutumia mfano huo kuwafunza wanafunzi kuvumilia ukimya wa pigo la kwanza. Juu ya surdo kuna caixa, ngoma ndogo yenye nyuzi inayochachatika bila kupumzika, kuna tamborim inayopigwa kwa fimbo nyembamba, kuna repinique inayotoa ishara za kuanza na kubadilisha, kuna agogô ya kengele mbili, kuna manyanga, na kuna cuíca, ambayo hailii kwa kupigwa bali kwa kusuguliwa kijiti kilichofungwa ndani yake.

Sasa hapo ndipo spika ya darasa inapoharibu. Ni spika ndogo, ile ya kubeba mkononi, na spika za namna hiyo haziwezi kutoa sauti nzito kwa kiwango kinachotakiwa. Kinachosikika ukumbini ni caixa na tamborim tu, sauti kali zinazokwenda mbio, wakati surdo inayopaswa kuwashika watu miguu imemezwa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayeufuata muziki kwa uaminifu hukimbia, si kwa sababu hajui hatua, bali kwa sababu anafuata chombo kisicho chake. Mwalimu hulipa deni la spika kwa kupiga kelele za “pili, pili” hadi sauti inamkauka. Katika msimu wa mvua mambo huwa mabaya zaidi, kwani mvua ikishuka juu ya lile bati, hata hiyo caixa haisikiki, na kipindi husimama hadi mvua ipungue.

Jumamosi moja umeme ulikatika mapema kabisa, na betri ya spika ilikuwa haijachajiwa. Kona ya ukumbi kulikuwa na ngoma ambayo mwalimu alimtengenezesha fundi wa mtaani: pipa la plastiki lililokatwa nusu na kuwambwa ngozi ya mbuzi, kwa makusudi ya kuigiza surdo, ila lilikuwa halijapata mpigaji. Miongoni mwa waliokaa kwenye viti vya plastiki alikuwamo mzee mmoja wa upande wa Kisesa aliyemleta mjukuu wake, mpiga ngoma wa Kisukuma wa miaka mingi. Mwalimu alimfuata, akamwamkia, akamwomba asaidie.

“Babu, pigo kubwa liwe la pili. La kwanza uliache wazi.”

“Niliache? Sasa hawa watajuaje kwamba tumeanza?”

“Watajua kwa kulikosa.”

Mzee alicheka, akaipokea fimbo. Mara za mwanzo mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pigo la kwanza, akawa anautazama kama anayemkemea mtoto. Halafu akapata ujanja wa kuligusa pigo la kwanza kwa kiganja cha mkono wa kushoto, akiifunga ngozi ili isilie, na kuliachia la pili kwa fimbo. Sikujua wakati ule kwamba wapigaji wa surdo wa Brazili nao huufanyia kazi mkono usio na fimbo kwa namna iyo hiyo. Ndani ya dakika chache darasa zima lilikuwa limetulia. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu, ambaye siku zote alihesabu kwa midomo, aliacha kuhesabu. Visigino vyake, vilivyokuwa vikigota sakafuni kila hatua, vilinyanyuka kidogo, na magoti yakaanza kufanya kazi. Hakuna maelezo mapya aliyopewa. Alipata tu ngoma iliyo wazi.

Tangu siku hiyo mzee huyo hupiga kila anapopata nafasi ya kuja, na kipindi anachokuwapo na kile asichokuwapo ni kama madarasa mawili yenye ada moja. Ushauri wangu kwa waandaaji ni mwepesi: wamlipe nauli na posho ili awe anakuja kila wiki. Fedha ya kununulia spika kubwa ingetosha kumlipa kwa muda mrefu, na ngoma haihitaji umeme. Tena isichukuliwe kwamba lile pipa ni mbadala wa aibu. Inasimuliwa kwamba surdo ya kwanza katika samba ya Rio, mwishoni mwa miaka ya 1920, iliundwa na Alcebíades Barcelos, aliyejulikana kama Bide, kwa kutumia kopo kubwa la siagi lililowambwa ngozi. Mafundi wa Makoroboi, hapa hapa Mwanza, waliokuwa wakigeuza mabati chakavu kuwa vyombo vya nyumbani, wangemwelewa mara moja.

Sehemu ya historia hutolewa wakati wa kunyoosha viungo, na ni jambo zuri kwa sababu watu wanasikiliza huku miili ikipata joto. Mwalimu huanzia Bahia, jimbo la kaskazini mashariki mwa Brazili, katika eneo la Recôncavo, kwenye samba de roda: duara la watu wanaopiga makofi na kuitikia, mtu mmoja akicheza katikati, na wakati mwingine kisu kikikwaruzwa kwenye sahani kuongeza mdundo. UNESCO iliitangaza samba hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Waliokuwa wakiicheza walikuwa Waafrika waliopelekwa utumwani na vizazi vyao, wengi wakiwa wametoka Angola na Kongo, na wengine Msumbiji, pwani hii hii ya kwetu. Utumwa ulipofutwa Brazili mwaka 1888, nchi ya mwisho kufanya hivyo katika mabara ya Amerika, watu wengi wa Bahia waliendelea kuhamia Rio kutafuta maisha, na nyumba za akina mama wa Kibahia zikawa mahali pa ibada, chakula na ngoma. Mashuhuri zaidi kati yao ni Hilária Batista de Almeida, aliyeitwa Tia Ciata, yaani Shangazi Ciata, ambaye nyumba yake karibu na uwanja wa Praça Onze, Rio, iliwakusanya wanamuziki walioijenga samba ya mjini.

Mwaka 1928, katika mtaa wa Estácio, Ismael Silva na wenzake walianzisha Deixa Falar, kundi linalotajwa kuwa shule ya samba ya kwanza. Hapa mwalimu huwa makini, na ninamsifu, kwa sababu anaeleza sababu ya mdundo kubadilika badala ya kutaja miaka tu. Samba ya kabla ya hapo ilifaa kuchezwa sebuleni. Ilikuwa bado karibu na maxixe, dansi ya wawili ya zama hizo, wala haikumpa mtu nafasi ya kutembea barabarani huku akicheza. Vijana wa Estácio walitaka kuandamana, hivyo waliunyoosha mdundo na kuongeza surdo ili umati mzima upate pigo moja la kutembelea. Hatua tunayofundishwa Kirumba imekulia juu ya mdundo huo. Mashindano ya kwanza ya shule za samba yalifanyika mwaka 1932 hapo Praça Onze, Mangueira ikashinda. Na tangu mwaka 1984 maandamano hufanyika katika Sambódromo, njia yenye majukwaa pande zote mbili iliyochorwa na msanifu Oscar Niemeyer.

Kwa msomaji wa Usukumani, jambo la mashindano halihitaji maelezo marefu. Anayehudhuria Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, pale Bujora mwezi Juni anajua namna Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya wachezaji, wanavyocheza kwa wakati mmoja, kila upande ukivuta watazamaji, na ushindi ukamwendea aliyekusanya umati mkubwa zaidi. Rio wanafanya kwa njia nyingine: majaji hukaa mahali pao na kutoa alama kwa kila kipengele, ngoma kwa alama zake, wimbo kwa alama zake, mavazi kwa alama zake, hata wale wawili wanaobeba na kuilinda bendera ya shule wana alama zao, na matokeo husomwa Jumatano ya Majivu huku watu wakilia kwa sehemu ya kumi ya alama. Binafsi naona mfumo wetu una ukali zaidi, kwa kuwa mtazamaji akikuchoka anakuonyesha mgongo papo hapo. Mwalimu amewahi kuligawa darasa makundi mawili na kuwaacha wazazi waliokaa vitini wahame kwenda kusimama upande wanaoupenda, na sijawahi kuona watu wakikaza miguu kiasi kile.

Mfano huo wa duara la Bahia nao huchezwa darasani kila mwisho wa kipindi, na ndiyo dakika ninazozipenda zaidi. Kwa desturi ya huko, aliye katikati humwalika mwingine kwa umbigada, yaani kumsogelea na kugusana naye tumbo kwa tumbo, au kwa kuashiria tu. Mwalimu ameibadilisha kuwa kuinama kidogo mbele ya mtu unayemwalika, mkono kifuani. Wako waliolalamika kwamba huko ni kuikata ngoma ya watu. Mimi naona ameamua vyema, maana katika ukumbi ambamo mkwe na mama mkwe wanaweza kujikuta kwenye duara moja, kuna heshima ambazo hazichezewi. Kuashiria bila kugusana kulikuwapo hata Bahia, hivyo hakuna kilichoharibika.

Swali ambalo wazazi huuliza mlangoni ni la mavazi, na kosa ni la waandaaji wenyewe, ambao bango lao lina picha ya mwanamke aliyevaa manyoya na shanga na karibu hana kitu kingine. Hayo ni mavazi ya maandamano ya karnivali. Hata ndani ya shule za samba wapo wanaovaa tofauti kabisa, wakiwamo kundi la baianas, akina mama, wengi wao wa umri mkubwa, wanaozunguka na masketi mapana ya kufika chini, nao ni kundi la lazima katika maandamano ya shule za Rio. Darasani wanawake huvaa suruali au gauni refu na kufunga kibwebwe cha kanga, ambacho kina kazi yake, kwani humwezesha mwalimu kuona kama nyonga zinafuata miguu au zinatangulia. Wanaume huvaa wapendavyo. Bango likibadilishwa, nadhani idadi ya wanafunzi itaongezeka, na maswali ya mlangoni yatapungua.

Ambapo siwezi kuwasifu ni kwenye samba de gafieira, dansi ya wawili iliyokulia katika kumbi za dansi za Rio, ambayo huingizwa wiki ya mwisho ya mwezi. Ni dansi nzuri, lakini inadai mtu awe tayari anaimudu miguu yake, ajue kuongoza au kuongozwa, na awe na sikio la kutulia. Kwa wanaoanza, ambao ndio wengi, kipindi hicho hupotea katika kukanyagana na kuombana radhi. Wanaume huwa wachache, hivyo akina dada hucheza wao kwa wao au husubiri zamu vitini, na waliolipia mwezi mzima wanajikuta wamelipia Jumamosi tatu za samba na moja ya kusubiri. Wale waliokwisha kaa miezi kadhaa wangetengewa saa yao ya gafieira, na wengine wakaachwa waendelee na msingi.

Sakafu ya saruji nayo ina gharama zake. Samba no pé huchezwa kwa sehemu ya mbele ya wayo, na mwili hupokea mshindo mdogo mdogo mamia ya mara katika kipindi kimoja. Sakafu ya mbao huumeza mshindo huo, saruji huurudisha kwenye ugoko na magoti. Raba zenye soli ya kunata ni hatari kuliko peku, kwa sababu mguu hukwama wakati mwili unageuka, na goti ndilo linalolipa. Kiatu chepesi chenye soli laini ndicho kinachofaa. Viatu virefu vya wachezaji wa karnivali visahauliwe hadi miguu iwe imezoea kabisa, na yeyote mwenye matatizo ya magoti aanze kwa kupiga makofi na kutembea tu. Mwalimu huruhusu, wala hakuna anayemcheka.

Kuhusu muda nina malalamiko ya wazi. Kipindi kimetangazwa kuanza saa kumi na moja kamili, lakini mara nyingi ufunguo wa ukumbi huwa haujafika, au kikao kilichotangulia kinakuwa hakijaisha, na tunaanza saa kumi na moja na nusu au zaidi. Kwa kuwa mwalimu hapendi kupunguza dakika za watu, kipindi husogea hadi saa moja usiku. Anayekaa Pasiansi hatapata shida kubwa. Anayekwenda Nyegezi au Usagara hujikuta akiondoka kabla ya duara, yaani kabla ya sehemu iliyo bora kuliko zote, au alipe bodaboda ya usiku ambayo nauli yake inazidi ada ya kipindi. Kama ukumbi una shughuli nyingi Jumamosi, Jumapili mchana ingefaa kufikiriwa.

Je, kuna pengine pa kwenda? Ukumbi mmoja wa mazoezi mjini ulitangaza samba, nikaenda, na kilichofanyika kilikuwa mazoezi ya viungo kwa muziki wa kasi, ambamo mikono ilipungwa sana na miguu haikufundishwa lolote. Jasho lilitoka, hilo sitalikana. Video za mtandaoni ni bora kuliko hapo, hasa zile zinazoonyesha miguu kwa mgongo ili mtazamaji asilazimike kugeuza kulia na kushoto, na simu inakuruhusu kuichezesha video polepole. Tatizo ni kwamba simu haikwambii umekosea, na sauti yake haina surdo kabisa. Ukiamua kujifunza kwa njia hiyo, tumia spika za masikioni zenye besi ya kutosha.

Darasa hili litamfaa zaidi anayetaka msingi, mzazi anayetaka kucheza pamoja na mtoto wake, na mpenzi wa ngoma za asili anayetaka kuona zilikofika zikivushwa bahari. Anayetaka kupungua uzito kwa haraka, au kuwa tayari kwa onyesho la harusi ya mwezi ujao, atachoshwa na makofi. Wanaoanza hupokelewa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na ni afadhali kuisubiri kuliko kuingia katikati, kwa kuwa mafunzo ya pigo la pili hayarudiwi kwa kina. Simama upande iliko ngoma, mbali na spika. Beba maji yako, kwa sababu hapo hayauzwi, na ukilipa kwa simu uombe risiti, maana usipoiomba hawatoi.